SOMO LETU: NENO "FAIL" NA MTOTO WAKE "KUFELI"



Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, kuna neno moja linalozunguka mitaani kwetu upesi kuliko mengine yote. Husemwa sokoni, husemwa kwenye daladala, na hata nje ya kanisa watu wanapoagana baada ya ibada: "Mtoto wa fulani amefeli." Basi wasikiao hutikisa vichwa, na mazungumzo huishia hapo, kana kwamba hakimu amekwisha kusoma hukumu.

Katika somo la leo tutalichunguza neno hilo lenyewe. Kwa asili si la Kiswahili. Limetokana na kitenzi cha Kiingereza "fail", nacho kitenzi hicho hakikuzaliwa Uingereza. Tutatazama kilitoka wapi, kilikuwa na maana gani, na ni maana gani iliyoachwa njiani kilipofika kwetu. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na jambo moja nimelishuhudia: mtu asiyejua uzito wa neno hulirusha kama jiwe gizani, asijue limempata nani.

1. LILIKOTOKA

Warumi wa kale, katika Kilatini chao, walikuwa na kitenzi "fallere". Maana yake ilikuwa kudanganya, kuhadaa, kumwendea mtu kinyume cha alivyotumaini. Mtu akiteleza waliweza kusema kwamba mguu wake umemhadaa. Tuangalie vizuri hapo. Katika neno hili la kwanza, lawama haikuwa juu ya yule aliyeteleza. Ilikuwa juu ya kile alichokitegemea, kikamwacha.

Kutokana na mzizi huo Kiingereza kimepata maneno mengine ambayo wanafunzi wetu huyakuta vitabuni: "false", yaani cha uongo, "fallacy", yaani hoja potofu, "fault", yaani kosa au kasoro, na "default", yaani kutotimiza wajibu, kama mtu asiyelipa deni lake. Hao wote ni ndugu wa "fail".

Kilatini cha watu wa kawaida kilipogeuka polepole kuwa Kifaransa, kitenzi kile kikawa "faillir", na maana zake zikapanuka: kupungua, kukosekana, kuisha, kukosea, kutofanikiwa. Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini ya Ufaransa waliivamia Uingereza wakaitawala. Kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama, na maneno yake mengi yakaingia katika Kiingereza. Kufikia karne ya 13, "fail" lilikuwa limekwisha kuingia katika maandishi ya Waingereza.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaojua Kifaransa watamtambua jamaa mwingine wa ukoo huu. Wafaransa husema "il faut", maana yake "inapasa" au "ni lazima". Msemo huo nao umetoka katika kitenzi kile kile. Kwanza ulimaanisha "kinapungua", kisha ukamaanisha "kinahitajiwa", kwa sababu kinachopungua ndicho kinachohitajiwa. Wajerumani nao waliliazima neno kwa Wafaransa wakalifanya "fehlen". Mjerumani akimkumbuka rafiki aliye mbali hulitumia neno hilo kumwambia: hupo, na pengo lako naliona.

Hapa yafaa nitoe maonyo mawili, maana nimeona wengi wakichanganya. La kwanza, "fail" na "fall" si neno moja. "Fall", yaani kuanguka, ni neno la kale la Waingereza wenyewe, lililokuwako kabla ya Wanormani. La pili, kufanana kwa sauti si udugu. Tunalo neno "kufilisika", lakini hilo ni la Kiarabu, nalo ni jamaa wa "fulusi", yaani fedha. Tena katika Kiswahili cha zamani kulikuwa na neno "feli" lenye maana ya tendo, hasa tendo baya. Hilo nalo ni la Kiarabu, wala halihusiani na mtihani.

2. MAANA YAKE YA KWANZA: KUPUNGUKA

Ni vitu gani ambavyo Waingereza wa kale walisema kwamba vime-"fail"? Maji ya kisima yakikauka. Nguvu za mzee zikimwishia. Mwanga wa jioni ukififia. Mazao yasipotoka shambani. Mpaka leo, mvua isiponyesha kwa wakati wake, Mwingereza husema kwamba mvua ime-"fail". Hakuna anayefikiri kwamba mvua ilikaa darasani ikapata sifuri. Maana yake ni kwamba kitu kilichotegemewa kimepunguka, na watu wamebaki na uhitaji.

Maana hii imehifadhiwa vizuri katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611. Mwenye nafasi aiweke mezani sambamba na Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952, kisha atafute mahali Waingereza walipoandika "fail" aone sisi tumeandika nini. Katika Yoshua 1:5, Mungu anapomwahidi Yoshua, neno letu ni "sitakupungukia". Katika Maombolezo 3:22 rehema za Bwana "hazikomi". Katika 1 Wafalme 17 mafuta ya yule mjane wa Sarepta ni mafuta yasiyoisha. Katika 1 Wakorintho 13:8 upendo "haupungui". Kitenzi kimoja cha Kiingereza. Kwetu ni kupungukiwa, kukoma, kuisha, kupungua. Wala hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo panaponukia chumba cha mtihani.

Mfano mkubwa kuliko yote uko katika Luka 22:32. Usiku ule wa mwisho Bwana wetu anamwambia Petro kwamba amemwombea ili imani yake isipunguke. Waingereza wameandika "fail not". Kiswahili chetu kimetumia neno zuri sana ambalo vijana wa leo hawalijui: "isitindike". Kutindika ni kuishiwa na kitu, kama vile nyumba iliyotindikiwa unga.

Katika Kiyunani, lugha ambayo Luka aliandikia, kitenzi cha hapo ni "ekleipo". Kutokana na kitenzi hicho Wayunani walipata jina la kupatwa kwa jua, na jina hilo ndilo Waingereza wanalolitumia hata leo, "eclipse". Sisi sote tumeona jua likipatwa. Giza huingia mchana, kuku hutafuta mahali pa kulala, na watoto huogopa. Lakini jua lenyewe halijafa. Limefunikwa tu, na baada ya muda hutoka. Petro alimkana Bwana mara tatu usiku ule ule, na jogoo akawika. Hata hivyo katika mstari huo huo, kabla hajakana, alikuwa amekwisha kupewa kazi ya kuwaimarisha ndugu zake atakapokuwa amerejea. Kwa hiyo kupungukiwa kwake kulijulikana mapema, na hakukumwondolea kazi yake.

3. TENDO LINAPOGEUZWA KUWA JINA LA MTU

Sasa tuone jinsi neno lilivyobadilika. Katika karne ya 17 wafanyabiashara wa Uingereza walilitumia kwa mwenzao aliyeshindwa kulipa madeni na kufunga duka: amefilisika. Karne hiyo hiyo likazaliwa jina "failure". Hapo mwanzo jina hilo lilitaja jambo lililotokea: upungufu fulani, siku fulani, katika shughuli fulani. Ni katika karne ya 19 ndipo ikawa desturi kumwita mtu mwenyewe "a failure". Jambo lililomtokea mtu likawa jina lake.

Tufikiri ubaya wa mabadiliko hayo. Mtu akiugua homa twasema ana homa. Hatumwiti "Homa", wala hatumtambulishi kwa wageni kwa jina hilo baada ya kupona. Lakini mtoto aliyekosa alama chache katika karatasi moja, asubuhi moja, anaweza kuitwa "yule aliyefeli" mpaka anapata wajukuu.

Karne hiyo ya 19 ndiyo pia iliyoeneza mitihani ya kuandika. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutahini wanafunzi wa shule mwaka 1858. Penye mitihani ya namna hiyo, "fail" lilipata maana finyu: kinyume cha "pass". Halikutaja tena kisima wala mvua wala rafiki. Lilitaja mstari uliochorwa na watahini, na mtu aliyebaki chini ya mstari huo.

4. LILIVYOFIKA KWETU

Neno lilitufikia pamoja na shule za Kiingereza na vyeti vyake. Wazee wenzangu wanakumbuka jinsi "Cambridge" lilivyokuwa jina la mtihani kabla hatujajua kwamba ni jina la mji. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki; Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Kenya nayo ikapata baraza lake mwaka 1980. Mabaraza yakawa yetu wenyewe, lakini neno "kufeli" likabaki kama lilivyoletwa.

Ni kweli kwamba siku hizi twalisikia pia nje ya shule. Dereva husema breki zimefeli. Hospitalini husema figo za mgonjwa zimefeli. Hapo neno limeirudia maana yake ya zamani: kitu kilichotegemewa kimeacha kufanya kazi yake. Nawaombeni mwangalie tunavyofikiri katika mifano hiyo. Breki zikifeli gari likapinduka, hatuwalaumu abiria. Tunauliza: fundi alizikagua lini? Mwenye gari aliambiwa? Figo zikifeli hatumlaumu mgonjwa kabla ya kuuliza ni maradhi gani yaliyozidhuru. Lakini mtoto akifeli, hatuulizi lo lote.

Tena kuna matumizi moja ya "fail" ambayo hayakuvuka bahari kuja kwetu. Katika Kiingereza, mtu aweza kum-"fail" mwenzake. Maana yake ni kwamba alitegemewa, naye akamwacha. Baba aweza kum-"fail" mwanawe. Serikali yaweza kuwa-"fail" raia. Shule yaweza kum-"fail" mwanafunzi. Sisi, tukitaka kusema hivyo, twasema "umeniangusha". Twalo pia neno "kumfelisha", lakini hilo ni kumfanya mtu asipate alama. Halina maana ya kumpungukia aliyekutegemea. Kwa hiyo katika Kiswahili sentensi ya "kufeli" ina mtendaji mmoja tu, naye ni mtoto. Amesimama peke yake. Mwalimu hayumo, mzazi hayumo, darasa lisilo na madawati halimo.

5. MIFANO YA NYUMBANI KWETU

Jambo hili Mwalimu Nyerere aliliona mapema. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alieleza kwamba katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, kama 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Wale 87 waliobaki waliondoka wakijiona wameshindwa, ingawa nafasi zenyewe hazikuwapo. Akataka shule ya msingi iwe elimu kamili kwa yule atakayeishia hapo, isiwe chujio tu la kuwapata wachache.

Mwaka 1977 tukaanza elimu ya msingi kwa wote, madarasa yakajaa. Sekondari zilibaki chache. Mtihani wa darasa la saba ukawa mtihani wa kuchagua, na neno la haki lilikuwa "hakuchaguliwa". Mitaani hatukulitumia. Tulisema "amefeli". Kama viti ni 10 na watoto ni 200, basi 190 watabaki nje hata wote wakiwa hodari. Hapo kilichopungua ni viti.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani zaidi ya nusu, walipata divisheni sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Tume iliundwa, na mwezi Mei 2013 Serikali ikatangaza kuyafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile, na wino ule ule. Ulipohamishwa mstari, maelfu waliokuwa "wamefeli" wakawa hawakufeli. Sisemi kwamba wote walikuwa wanajua. Wengi kweli hawakuwa wanajua. Lakini kwa mara ya kwanza nilisikia watu wa kawaida wakiuliza swali ambalo neno "kufeli" lilikuwa limetuzuia kuuliza: idadi hiyo yote ya watoto, ni nani aliyewapungukia?

6. NENO LETU WENYEWE: KUKOSA

Kiswahili hakikuwa maskini kabla ya kuazima. Tunacho kitenzi "kukosa", nacho kina upana ule ule wa "faillir" ya zamani. Kukosa ni kutokuwa na kitu: amekosa chakula. Kukosa ni kutopata shabaha: mshale umekosa. Kukosa ni kufanya kosa: nimekukosea. Hata pale Mwingereza anaposema "without fail", sisi tangu zamani twasema "bila kukosa".

Lugha za Biblia zinakubaliana nasi. Katika Waamuzi 20:16 tunasoma habari za Wabenyamini 700 wenye shoto, waliorusha mawe kwa kombeo wasikose hata unywele. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo kwa kukosa shabaha ndicho kile kile kinachotumika kwa kutenda dhambi. Kiyunani nacho ni hivyo: kitenzi chake cha kutenda dhambi kilitumika zamani kwa mkuki uliomkosa adui.

Neno "kukosa" lina faida moja kubwa. Halikubali kusimama peke yake. Ukisema "amekosa", msikiaji atauliza papo hapo: amekosa nini? Lazima ujibu. Lakini "amefeli" hufunga mazungumzo.

7. TUFANYE NINI?

Sisemi tulifute neno "kufeli". Limekwisha kukaa, na lugha haifutwi kwa amri. Wala sisemi tuwadanganye watoto kwa kuwasifu bure. Alama ni ushuhuda, na mwalimu anayetoa alama za uongo anarudi kwenye maana ya kwanza kabisa ya neno, yaani kuhadaa. Tena wako watoto waliokuwa na kila kitu wakacheza. Hao waambiwe ukweli wao. Ninachoomba ni mambo matatu.

Kwanza, tutaje kilichopungua. Chuoni niliwazoeza walimu wanafunzi wasiandike katika ripoti "amefeli Hesabu" bila kuongeza maneno ya kueleza. Waandike: "Bado hajui kugawanya sehemu," au, "Anajua kanuni lakini hasomi swali mpaka mwisho." Ripoti ya namna hiyo humpa mzazi mahali pa kuanzia.

Pili, tuulize ni nani aliyempungukia mtoto. Je, alikuwa na kitabu? Alikuwa na taa? Alikwenda shule akiwa amekula? Ni siku ngapi alibaki nyumbani kulea mdogo wake au kuchota maji? Maswali hayo yataturudia sisi wazazi, na sisi walimu, na sisi wazee wa mtaa. Tuyavumilie.

Tatu, tusigeuze tendo kuwa jina. Mtihani una tarehe. Ukipita, umepita. Mtoto ana jina lake alilopewa siku ya ubatizo, nalo ndilo la kumwitia.

MASWALI YA KUJADILIANA JUMUIYANI

1. Eleza tofauti kati ya "hakuchaguliwa" na "amefeli". Je, katika mtaa wetu wako vijana ambao tuliwapa neno lisilo lao?

2. Someni Luka 22:31–34. Kwa nini Petro alipewa kazi kabla hajakana?

3. Taja mtoto mmoja unayemjua aliyekosa kuendelea na masomo. Bila kumtaja mbele ya watu, jiulize: alikosa nini hasa, na ni kipi kati ya hivyo ambacho mimi ningeweza kumpa?

4. Matokeo yajayo yatakapotoka, maneno yetu ya kwanza kwa mtoto aliyekosa alama yatakuwa yapi? Yaandikeni sasa, kabla ya siku hiyo.